Neno Linalongojewa



Mazungumzo haya, kama yalivyo mazungumzo yote yapitayo katika hewa, yamepimwa kwa saa kabla hayajapimwa kwa maana. Msemaji wa redio huulizwa kwanza atasema kwa muda gani, ndipo aulizwe atasema nini. Na mwenye maneno 2,000 mkononi, kama niliyo nayo mimi hivi sasa, hupewa robo saa, kwa kuwa binadamu mwenye afya, asemapo bila ya pupa wala kusitasita, hutoa maneno 130 hadi 160 katika dakika moja. Kipimo hicho tumekizoea hata tumesahau kuwa ni kipimo. Juu yake tumejenga adabu zetu zote za mazungumzo: tunajua kitambo cha kumngoja mtu aitikie salamu, tunajua kimya cha kiasi gani huonyesha ghadhabu, na tunajua ni wakati gani mwenye kukaa bila ya kujibu huhesabiwa kuwa amekubali au amepuuza. Leo nataka niseme habari ya watu ambao kipimo hicho kimewavunjikia, yaani wagonjwa wa maradhi ya ALS, na habari ya vyombo vilivyobuniwa ili wapate kusema pasipo ulimi; na kauli yangu, ambayo naiweka wazi tangu mwanzo ili nisikilizwe kwa insafu, ni kwamba chombo, kiwe bora namna gani, hufanya nusu tu ya kazi, na nusu ya pili ni ya yule anayengoja jibu.

Maradhi yenyewe huitwa na matabibu wa Marekani kwa herufi hizo tatu, ALS. Waingereza huyaita maradhi ya niuroni za mwendo, na Wafaransa huyanasibisha na tabibu wao Jean-Martin Charcot, ambaye mwaka 1869, katika hospitali ya Salpêtrière mjini Paris, aliyapambanua na maradhi mengine kwa kulinganisha dalili alizoziona kwa wagonjwa wakiwa hai na madhara yaliyokutwa katika uti wa mgongo baada ya kufa kwao. Mwili wa mwanadamu una neva zilizo mfano wa matarishi: ubongo ni sultani atoaye amri, misuli ni watumishi waliosimama tayari, na neva za mwendo ndizo zichukuazo amri kutoka barazani hadi kwa mtumishi. ALS huwaua matarishi. Sultani yu hai na anajua alitakalo, watumishi nao wapo. Lakini amri haifiki, na mtumishi asiyepata amri hukonda kwa kukaa bure mpaka nguvu zake zikaisha.

Aghalabu maradhi huanza katika mkono au mguu, na kwa sehemu ya wagonjwa, yapata robo yao au zaidi, huanza katika ulimi na koo, hata usemi ukapotea ilhali mtu bado anatembea kwa miguu yake. Wengi hufariki kati ya miaka miwili na mitano tangu dalili za kwanza, na yapata mmoja katika kumi huvuka miaka kumi. Misuli inayogeuza macho huwa ya mwisho kuguswa, na akili ya wagonjwa walio wengi hubaki timamu, ijapokuwa wapo ambao maradhi huwagusa na fikra pia. Msiba wa pili, usiotoka katika maradhi, huanzia hapo. Asiyesema hudhaniwa hasikii, na asiyesikia hudhaniwa hayupo. Basi daktari humwuliza mke habari za mume, hali mume ameketi mbele yake, na wageni husemezana juu ya kichwa cha mgonjwa habari za mgonjwa mwenyewe.

Kanuni ya vyombo vyote nitakavyovitaja ni moja, nayo ni nyepesi: palipobaki msuli mmoja unaotii, pana mlango. Kidole kikitii, kidole kitabonyeza. Nyusi zikitii, nyusi zitajibu ndiyo. Na yote yakigoma, macho yatatazama. Chombo cha kale kabisa, na ambacho hata leo hakijapitwa na wakati, ni ubao wa herufi. Huandikwa herufi katika safu tano au sita. Mtu husoma safu kwa sauti, moja baada ya moja, mpaka mgonjwa atoe ishara waliyoafikiana, kisha husoma herufi za safu hiyo moja moja mpaka ishara ya pili, akaiandika herufi iliyopatikana, akaanza tena. Wajapani hutumia zaidi ubao unaopenyeka kwa macho, unaoshikwa baina ya nyuso mbili: mgonjwa huikazia macho herufi, na msaidizi huusogeza ubao mpaka macho yao yakutane, na hapo walipokutania ndipo ilipo herufi. Ubao huo hauhitaji umeme, haupatwi na hitilafu, na gharama yake ni ndogo mno. Unalotaka kwa wingi ni jambo moja tu, nalo ni muda wa mtu wa pili.

Katika wote waliosema kwa vyombo hakuna aliyejulikana ulimwenguni kuliko Stephen Hawking, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Cambridge, aliyeambiwa mwaka 1963, naye ana umri wa miaka 21, kwamba ana maradhi haya na kwamba huenda hatavuka miaka miwili. Ajali yake ilikuwa mbali kuliko makadirio ya matabibu, maana alifariki Machi 2018, akiwa na miaka 76; bali sauti yake ilitangulia kufa kwa zaidi ya miaka thelathini. Mwaka 1985, alipokuwa ziarani Geneva, alishikwa na homa ya mapafu, na ili aokolewe ilibidi atobolewe koo. Usemi wake, ambao hata kabla ya hapo ulikuwa mzito ukifahamika na wachache tu walio karibu naye, ukakoma kabisa. Kwa muda alijieleza kwa kadi ya herufi, akiinua nyusi kila mtu alipoigusa herufi aitakayo. Kisha habari zake zikamfikia Walt Woltosz, mtaalamu wa California, aliyekuwa amekwisha kutunga programu iitwayo Equalizer kwa ajili ya mama mkwe wake, ambaye naye alipatwa na maradhi hayo hayo. Programu ilipanga maneno na herufi katika skrini, alama ikapita juu yake safu kwa safu, na Hawking akabonyeza swichi mkononi ilipofika mahali alipotaka. David Mason, fundi wa Cambridge, akamfungia kompyuta ndogo na chombo cha kutamka kwenye kiti chake cha magurudumu, naye akaweza kutoa maneno yapatayo 15 kwa dakika.

Tuyapime hayo kwa mazungumzo yetu: haya ya robo saa yangemchukua zaidi ya saa mbili. Hata hivyo ni kwa mwendo huo alikamilisha kitabu chake juu ya asili ya ulimwengu kilichotoka mwaka 1988, na ni kwa mwendo huo alitoa mihadhara iliyojaza kumbi, akiiandika kabla, akiihifadhi, kisha akiituma katika chombo sentensi moja moja mbele ya wasikilizaji. Mhadhara huandaliwa, mazungumzo hayaandaliki, na aliyetaka kusema naye ilimlazimu akae na kimya chake mpaka neno litimie.

Maradhi nayo hayakusimama. Kidole kikadhoofu, na kufikia mwaka 2008 alikuwa akitumia msuli mmoja wa shavu, ambao mtikisiko wake ulinaswa na kifaa kidogo cha miale isiyoonekana kilichofungwa katika miwani yake. Mwaka 2011 mwendo ulikuwa umeshuka hadi neno moja au mawili kwa dakika, na mazungumzo haya yangemtaka kati ya saa 17 na 33. Akaiandikia kampuni ya Intel, iliyokuwa ikimpa kompyuta tangu mwaka 1997, kuomba msaada, nayo ikatuma wataalamu wakiongozwa na Lama Nachman. Walijaribu kuyafuata macho yake, lakini kope zilizolegea ziliizuia kamera. Basi wakabaki na shavu, na wakaona kwamba shavu haliongezeki kasi, ila idadi ya mibonyezo yaweza kupunguzwa. Programu mpya ilijifunza maandishi ya Hawking mwenyewe, ikawa yakisia neno alitakalo baada ya herufi chache, na mara nyingine neno litakalofuata kabla hajagusa herufi yoyote. Mwaka 2015 Intel ikaitoa programu hiyo bure, ili kila mwenye kujua aitumie na kuirekebisha kwa mgonjwa wake, na kwa maoni yangu tendo hilo lina faida kubwa kuliko sifa zote zilizoandikwa juu ya kiti kile.

Lipo jambo la sauti ambalo si haki kulipita. Sauti ile ya kimashine, yenye lafudhi ya Kimarekani, iliyotoka katika kiti cha Mwingereza aliyezaliwa Oxford, ilitokana na sauti ya Dennis Klatt, mtaalamu wa matamshi wa chuo cha MIT, aliyeiweka sauti yake mwenyewe iwe kiigizo cha mashine, na ambaye saratani ilimnyang'anya usemi kabla ya kumwua mwaka 1988. Miaka ilipita, zikaja sauti nyororo zaidi, Hawking akapewa hiari ya kubadili, naye akakataa, kwa kuwa ile imekwisha kuwa yake na watu humjua kwayo. Wagonjwa wa leo wana njia ambayo yeye hakuipata, nayo ni kuweka akiba ya sauti. Mtu aliyekwisha kupimwa na kuambiwa ana ALS, na ambaye ulimi wake bado unatii, husoma sentensi alizopangiwa zikanaswa, na mashine ikatengeneza kutokana nazo sauti ya kutamka lolote atakaloandika baadaye. Zamani kazi hiyo ilitaka mamia ya sentensi na siku nyingi. Mwaka 2023 kampuni ya Apple iliiweka katika simu zake, kwa Kiingereza kwanza, ikitosheka na sentensi 150 zilizosomwa kwa robo saa. Wapo pia wanaohifadhi kwa kinasa sauti cha kawaida kabisa maneno yale wayatumiayo zaidi: jina la mtoto wanavyoliita, utani wao, dua yao, kicheko chao. Sharti la akiba hiyo ni kuwahi, maana sauti iliyokwisha kukatika haiwekwi.

Baada ya shavu na kidole, macho. Kifaa cha kufuata macho humulika jicho kwa mwanga usioonekana, na kamera hutazama mng'ao unaorudi kutoka katika konea pamoja na mahali mboni ilipo. Kutokana na viwili hivyo kompyuta hutambua ni sehemu gani ya skrini inayotazamwa, na macho yakitulia juu ya herufi kwa muda uliowekwa, herufi huandikwa. Kampuni ya Tobii ya Uswidi, iliyoanzishwa mwaka 2001, imejipatia jina kwa vyombo vya namna hiyo, navyo ni vyombo vya bei ambayo watu wengi hawaiwezi. Ndiyo sababu napenda kukumbusha kisa cha mchoraji wa kuta wa Los Angeles, Tony Quan, ajulikanaye kwa jina la Tempt, aliyepatwa na ALS mwaka 2003 akabaki na macho tu. Mwaka 2009 wasanii wenzake waliungana wakamtengenezea chombo kwa fremu ya miwani ya bei rahisi, kamera ndogo ya mchezo wa video na waya, wakakiita EyeWriter, wakatangaza ramani na programu yake bure. Naye akiwa kitandani akachora kwa macho, na michoro yake ikamulikwa usiku juu ya majengo ya mji wake.

Bei hutupeleka kwenye sheria. Marekani, mwaka 2014, utaratibu wa bima ya serikali ulibadilishwa, vyombo vya usemi vikawa vya kukodiwa badala ya kununuliwa, na matokeo yake ni kwamba mgonjwa aliyelazwa hospitali aliweza kupoteza malipo ya chombo wakati ule ule ambapo alikihitaji kuliko siku zote. Steve Gleason, mchezaji mashuhuri wa zamani wa timu ya New Orleans Saints, aliyetangaza maradhi yake mwaka 2011, aliusimamia mgogoro huo akisema kwa macho, mpaka ikapatikana sheria yenye jina lake, iliyotiwa sahihi Julai 2015 na kufanywa ya kudumu mwaka 2018, inayomfanya mgonjwa amiliki chombo chake. Hoja aliyoitetea ni ya kuzingatiwa na kila nchi: chombo cha usemi ni sehemu ya mwili wa anayekitumia, na hakuna bima inayokodisha ulimi.

Na macho nayo yakichoka? Wataalamu wamekwenda kubisha katika ubongo wenyewe. Mwaka 1999 Niels Birbaumer na wenzake wa Tübingen, Ujerumani, walitangaza kwamba wagonjwa wawili wa ALS wameandika kwa kuyaongoza mawimbi ya umeme wa ubongo yaliyonaswa juu ya ngozi ya kichwa. Mwaka 2016 wataalamu wa Utrecht, Uholanzi, walieleza habari ya mwanamke aliyepandikizwa elektrodi ndani ya fuvu akaweza kuandika nyumbani kwake herufi mbili kwa dakika. Mwaka 2023, katika chuo cha Stanford, mwanamke mwingine alifikia maneno 62 kwa dakika, ijapokuwa karibu neno moja katika manne lilikosewa. Na mwaka 2024, katika Chuo Kikuu cha California huko Davis, mtu wa miaka 45 aliyetiwa elektrodi 256 alisema kwa mwendo wa maneno yapatayo 32 kwa dakika, kwa usahihi upatao asilimia 97, na kompyuta ikayatamka kwa sauti iliyoigwa katika sauti yake ya zamani. Hesabu hizo ni za kushangaza, lakini mwenye insafu atakumbuka kuwa waliopandikizwa hivyo ni watu wachache wa majaribio, waliopasuliwa vichwa, nao huandamwa na wahandisi. Si dawa ya kumwagizia jirani.

Kwa sisi tusemao Kiswahili lipo swali la ziada. Programu ya kukisia maneno hujifunza kutokana na maandishi, na kitenzi chetu hubeba katika neno moja mtendaji, wakati na mtendwa, hata mzizi mmoja ukazaa mamia ya sura. Programu iliyozoea lugha ambazo neno halibadiliki sana hukisia kwa shida palipo na neno kama nitakapomwandikia. Hata hivyo hatuanzi mikono mitupu. Microsoft imekwisha kutoa sauti za kutamka Kiswahili, za kike na za kiume, kwa matamshi ya Kenya na ya Tanzania, na katika mradi wa Common Voice wa taasisi ya Mozilla watu hutoa sauti zao wenyewe kwa Kiswahili ziwe mali ya wote. Mwanafunzi wa vyuo vyetu anayetafuta kazi yenye maana asiende mbali: aichukue programu ile iliyotolewa bure mwaka 2015, aifunze Kiswahili.

Lakini nilisema kuwa chombo ni nusu ya kazi, na sasa nailipa ahadi hiyo kwa ushahidi kutoka Japani. Julai 2019 wapiga kura wa huko walimpeleka katika Baraza la Juu la Bunge bwana Yasuhiko Funago, mgonjwa wa ALS asiyeweza kusema wala kuinua mkono. Bunge, ambalo kanuni zake ziliandikwa kwa watu wenye kusimama na kunena, lililazimika kurekebisha ukumbi wake ili viti vikubwa vya magurudumu viingie, likaruhusu wasaidizi waketi pamoja naye, na likakubali maswali yake yasomwe na mwingine. Likafanya na jambo lenye uzito kupita yote hayo: alipotaka kuongeza swali katika kamati, na msaidizi akawa anayafuata macho yake juu ya ubao wa herufi, muda huo haukuhesabiwa katika dakika alizopewa. Bunge la nchi yenye mitambo ya kila aina liliona kwamba hapakuwa na mtambo wa kuliondoa tatizo hilo, likalimaliza kwa kanuni ya kungoja. Naona huo ndio uvumbuzi mkubwa kuliko yote niliyoyataja, nao hauhitaji fedha.

Basi, msikilizaji wangu, ikiwa nyumbani kwako au kwa jirani yako yumo mtu ambaye ulimi unamwacha, usingoje chombo cha ng'ambo. Andika leo herufi katika safu, katika karatasi ngumu, na afikianeni ishara ya ndiyo na ishara ya hapana. Angali anasema, mnase sauti yake katika simu, na maneno achague yeye. Ukimwuliza swali, uliza moja, kisha nyamaza; usimmalizie sentensi ila kwa idhini yake, maana neno ulilomkisia huenda silo, naye hana nguvu za kukubishia. Zungumza naye, usizungumze juu yake. Na daktari akikuuliza habari zake, mwelekeze kwake. Nanyi mnaotunga sheria na kusimamia bima, viandikeni vyombo vya usemi katika orodha ile ile ya miguu ya bandia na vifaa vya kusikia, kwa kuwa mtu aliyenyimwa njia ya kusema hawezi hata kuidai haki hiyo aliyonyimwa.